Kiberiti Kikipata Moto: Mambo ya Kujua Shimoni na Jikoni

Neno kiberiti tunalitumia kila siku. Mama akitaka kuwasha mbabula asubuhi anaomba kiberiti. Mhubiri akisoma habari za Sodoma anataja moto na kiberiti. Wengi wanafikiri hivyo ni vitu viwili vilivyopewa jina moja kwa bahati. Sivyo. Kiberiti ni jina la zamani la ule unga wa manjano ambao mafundi wanauita salfa. Njiti za kuwashia moto zilipata jina hilo kwa sababu zamani vichwa vyake vilichovywa katika salfa.

Kwa nini ukurasa wa usalama na afya uzungumze juu ya salfa? Kwa sababu mfanyakazi wa mgodi huishika kila siku bila kuijua. Dhahabu ikikaa ndani ya mwamba mgumu, mara nyingi inakaa pamoja na pairiti, lile jiwe la manjano linalong'aa na kuwadanganya wageni wa kazi. Pairiti si kitu kingine ila chuma na salfa vilivyoungana. Anayevunja mawe upande wa Misisi, au po pote katika Fizi, na akaona vipande vidogo vyenye pembe vinavyometameta, ajue kwamba ameshika kiberiti mkononi.

Ndugu mfanyakazi, salfa ina tabia mbili za kukumbuka. Kwanza, inabadilika kwa kadiri ya joto. Pili, inabadilika kwa kadiri ya mwenzake iliyekutana naye. Ukijua joto lake na mwenzake, utajua kama uko salama au uko hatarini.

IKIWA BARIDI NA PEKE YAKE

Salfa baridi haina ukali mwingi. Ni unga wa manjano, hauyeyuki katika maji, na ukiwa safi hauna harufu kubwa. Sisi wa dispensari tunaifahamu kama dawa: mafuta ya salfa yametumiwa tangu zamani kwa kutibu upele, hata kwa watoto wadogo, maana yanaua wale wadudu wanaochimba ngozi. Vumbi lake likiingia machoni linawasha, na likiwa jingi hewani linaweza kushika moto kwa cheche moja. Lakini salfa iliyotulia katika chombo haimdhuru mtu.

Onyo moja tu kwa mama: mafuta ya salfa yakiwa magumu, usiyaweke juu ya moto yalainike. Yashike mkononi kidogo, au weka kikopo katika maji ya uvuguvugu. Sababu utaiona hapa chini.

IKIPASHWA MOTO PEKE YAKE

Vitu vingi tunavyovijua, kama mafuta ya mawese au asali, vikipata moto vinazidi kuwa vyepesi. Salfa haifuati njia hiyo.

Ikifika joto la nyuzi 115 hadi 119 hivi, inayeyuka na kuwa maji mepesi ya manjano. Ukiendelea kuipasha, ikifika karibu nyuzi 160, inageuka rangi kuwa nyekundu ya kahawia na inaanza kuwa nzito. Inazidi kuwa nzito mpaka unaweza kuinamisha chombo na isimwagike. Ukizidisha moto tena, uzito unapungua, na kwenye nyuzi 445 inachemka na kutoa mvuke.

Sababu ni hii. Chembe za salfa, zile ndogo kabisa zinazoitwa atomu, hukaa nane nane zikishikana kama duara la watoto wanaocheza. Joto la kwanza linayatenganisha maduara, nayo yanateleza moja juu ya jingine; ndiyo maana yanakuwa maji mepesi. Joto likizidi, maduara yanakatika, na watoto wanashikana mikono katika mstari mrefu. Mistari hiyo inajisokota kama uzi wa nyavu uliovurugika, na maji yanakuwa mazito. Moto mkali zaidi unaikata mistari katika vipande vifupi, nayo inateleza tena.

Salfa hiyo ya moto sana ikimwagwa ghafula katika maji baridi, inakuwa laini kama mpira. Unaweza kuivuta nayo ikajirudi. Baada ya siku chache inageuka tena kuwa manjano na kuvunjika. Charles Goodyear, mtu wa Marekani, mwaka 1839 aligundua kwamba mpira wa miti ukipashwa moto pamoja na salfa unakuwa imara, haunati wakati wa jua wala haukauki wakati wa baridi. Matairi ya malori yanayopita kati ya Uvira na Baraka yamefanywa kwa njia hiyo. Basi kila tairi lina kiberiti ndani yake. Jambo hili tutalirudia tukifika jikoni.

Kwa kazi yetu, somo ni fupi. Salfa iliyoyeyuka ikimwangukia mtu, inashika ngozi na kuendelea kuichoma. Usiibandue. Mwagia maji baridi safi kwa muda mrefu, funika kwa kitambaa safi, mlete kwa muganga.

IKIKUTANA NA HEWA

Hapa ndipo hatari inapoanzia. Salfa ikiwaka inatoa moto mdogo wa buluu ambao mchana huwezi kuuona vizuri. Inaungana na oksijeni ya hewa na kuwa gesi inayoitwa salfa dioksidi. Ni ile harufu inayokukata pumzi unapowasha njiti karibu na pua.

Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili. Haipandi kama moshi wa kuni. Inashuka, inajaza mashimo, inakaa chini ya kitanda alikolala mtoto. Nayo inapenda maji. Ikikuta unyevu wa macho, wa koo na wa mapafu, inayeyuka humo na kuwa asidi. Ndiyo sababu macho yanatoka machozi, kifua kinabana na kikohozi hakikomi. Mtu mwenye pumu anaweza kubanwa na kiasi kidogo ambacho jirani yake hakihisi. Gesi hiyo ikifika sehemu 100 katika sehemu milioni moja za hewa, maisha yamo hatarini.

Watu wa Katanga waliijua gesi hii kwa miaka mingi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911. Upepo wa huko huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, ukapeleka moshi wa kiwanda upande wa kaskazini-magharibi mwaka baada ya mwaka. Salfa ya moshi pamoja na vumbi la madini viliua msitu wa miombo upande huo, mpaka udongo ukabaki wazi, kama kwenye kilima cha Penga Penga. Siku hizi viwanda vizuri havitupi gesi hiyo. Vinaikamata na kuigeuza kuwa asidi ya salfa, ambayo inatumika kuyeyusha madini ya shaba na kobalti. Kitu kile kile kinachoua miti kikifungwa vizuri kinaleta faida.

Sisi wa Kivu tunaijua kwa njia ya milima. Nyiragongo, iliyolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, pamoja na jirani yake Nyamulagira, hutoa gesi ya salfa nyingi. Mvua inayopita katika gesi hiyo inashuka na asidi, inaunguza majani ya mashamba na kuharibu maji ya matangi ya mabati.

Na tazama moto mkubwa ulivyo: Juni 2003, rundo la salfa la kiwanda cha Mishraq, karibu na Mosul katika Iraki, liliwashwa moto. Liliwaka karibu mwezi mzima. Kilichowaka ni unga huu huu wa manjano, ambao ukiwa baridi tunampaka mtoto mwenye upele.

IKIKUTANA NA CHUMA, SHABA NA ZEBAKI

Katika shule za ufundi mwalimu huchukua gramu 7 za unga wa chuma na gramu 4 za salfa, anazichanganya. Mchanganyiko ukiwa baridi, sumaku bado inavuta chuma na kukiacha kiberiti. Kisha anaugusisha moto upande mmoja tu. Unaanza kuwaka mwekundu, na hata moto ukiondolewa, wekundu unaendelea wenyewe mpaka mwisho. Unaobaki ni mgando mweusi ambao sumaku haiuvuti kama mwanzo. Chuma na salfa zimekuwa kitu kimoja, na katika kuungana zimetoa joto lao wenyewe.

Shaba nayo ikikutana na salfa ya moto inakuwa nyeusi. Zinki ikiwa unga inaungana nayo kwa nguvu kama baruti. Kwa hiyo wazazi, mkikuta vijana wanachanganya unga wa salfa na unga wa madini kwa mchezo, wazuieni mara moja.

Sasa sikilizeni vizuri juu ya zebaki, maana wachimbaji wengi wanaitumia kwa kukamata dhahabu. Zebaki inaungana na salfa hata bila moto. Ndiyo maana mahali ilipomwagika, mafundi hunyunyiza unga wa salfa juu yake: inapata utando mweusi na mvuke wake unapungua. Ni jambo jema. Lakini ule mchanganyiko mweusi ukitupwa katika moto, ndoa inavunjika. Salfa inakwenda na oksijeni, na zebaki inatoka tena kama mvuke usioonekana, unaoingia mapafuni na kuharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni. Usiuchome kamwe. Utie katika chombo kinachofungwa, uandike alama ya hatari, ukabidhi kwa mkubwa wa kazi.

IKIKUTANA NA HAIDROJENI

Salfa na haidrojeni zikiungana zinafanya gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Inapatikana katika vyoo vya shimo, katika matope, na katika maji yaliyolala siku nyingi ndani ya mashimo ya zamani yenye mawe ya salfa.

Hata ziwa letu linayo. Katika Tanganyika, ukishuka zaidi ya mita 100 hadi 200, oksijeni inakwisha na gesi hii inaanza. Samaki hawaishi huko. Mwaka 1987 wataalamu walikuta chemchemi za maji ya moto chini ya ziwa, huko Pemba kusini ya Uvira, na kwenye Rasi Banza, ncha ya ile Ubwari tunayoiona ng'ambo ya ghuba tukisimama Baraka. Huko Pemba maji ya moto yamejenga mafungu ya pairiti sakafuni mwa ziwa. Basi yale mawe tunayoyavunja mgodini yanaendelea kufanyika chini ya mitumbwi ya wavuvi.

Gesi ya mayai yaliyooza ina ujanja mmoja mbaya. Ikiwa kidogo, pua inaisikia upesi. Ikifika karibu sehemu 100 katika milioni, inaifisha pua kwa dakika chache. Mtu anasema, «Harufu imekwisha, tuendelee,» kumbe gesi imezidi. Ikizidi sana, mtu anaanguka baada ya pumzi chache tu.

Kwa hiyo pua si chombo cha kupimia gesi. Harufu ikija, ondoka. Harufu ikipotea huku umesimama pale pale, kimbia.

MAWE YANAYOJIPASHA MOTO

Wengine watauliza: «Shimoni hatuwashi moto. Salfa yetu itapata joto wapi?»

Jibu ni kwamba pairiti iliyovunjwa vidogo vidogo, ikipata hewa na unyevu, inaungana na oksijeni polepole na kutoa joto. Rundo likiwa kubwa na hewa yake haipiti, joto linakusanyika, na rundo linaweza kushika moto lenyewe. Maji yanayotoka humo yana asidi. Yanakula mabomba, misumari ya ngazi na ngozi ya miguu.

Pili, kulipua. Katika mwamba wenye salfa nyingi, vumbi lake linaweza kuwaka kwa moto wa mlipuko, na gesi zote mbili tulizotaja zikabaki katika njia. Tena pairiti inayojipasha moto inaweza kupatana vibaya na baruti zenye naitreti ya amonia iliyotiwa katika tundu, na mlipuko ukatokea kabla ya saa yake. Tundu likitoa moshi au joto, usilijaze. Mwite fundi wa baruti na kapita.

JIKONI

Jambo hili linawahusu baba na mama pamoja. Wako watu wanaoleta mawe nyumbani na kuyachoma juu ya mbabula wapate kujua kama ni dhahabu ya kweli. Ni kweli kwamba pairiti ikichomwa inanuka kiberiti na dhahabu hainuki. Lakini harufu ile ndiyo gesi yenyewe, imekwisha ingia katika kifua cha mtoto. Na kama jiwe ni lile jeupe kama feza, linalonuka kama kitunguu saumu likipigwa nyundo, lina arseniki pia, na moshi wake mweupe ni sumu kali. Sufuria iliyotumiwa hivyo isipikie ugali tena.

Njia ya kupima bila moto ipo. Gonga kipande kidogo kwa nyundo: dhahabu inalala na kuwa bapa, pairiti inavunjika kuwa unga. Au kikwaruze kwenye kigae kisichong'aa, kama sehemu ya chini ya sahani iliyovunjika: dhahabu inaandika manjano, pairiti inaandika mstari mweusi wa kijani.

Na lile la matairi tuliloahidi: mama wengine huwasha makaa kwa vipande vya tairi au ndara za zamani, kwa kuwa vinashika moto upesi. Sasa unajua ndani yake mna nini. Tumia nyasi kavu au vibanzi vya kuni, na washa mbabula nje mpaka moshi uishe.

MTU AKIVUTA GESI

Kwanza, jilinde wewe. Mwenzako akianguka shimoni, usishuke kumfuata bila chombo cha kupumulia na bila kamba. Kitambaa kilicholowa maji hakizuii gesi ya kuua. Mara nyingi katika ajali za namna hii anakufa mmoja, kisha ndugu yake aliyemfuata, kisha wa tatu. Piga kelele, itisha waokoaji, puliza hewa safi shimoni kama mashine ipo.

Mgonjwa akiisha kutolewa, mpeleke upande upepo unakotoka, mahali pa juu. Legeza nguo. Kama anafahamu, mketishe wima; usimlaze chali. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji safi robo saa nzima. Kama hapumui, mwenye mafunzo aanze kumsaidia kupumua, kwa kifaa kama kipo, naye asivute pumzi inayotoka kwa mgonjwa.

Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Sumu imeingia mapafuni, haimo tumboni. Kinachonyweshwa kinaweza kumpalia akafa kwa hicho.

Mwisho, usimwache aende kulala nyumbani kwa sababu amesema, «Nimepona.» Mapafu yaliyounguzwa yanaweza kujaa maji baada ya saa nyingi, usiku wakati jamaa wamelala. Mleteni dispensari achungwe siku nzima na usiku wake.

TUSHIKE HAYA

1. Rundo au tundu lenye joto: usiguse, toa habari.
2. Baada ya kulipua, usiingie mpaka hewa ipimwe na kapita atoe ruhusa.
3. Ukisikia harufu ya kiberiti au ya mayai mabovu, toka kwanza, uliza baadaye.
4. Moto wa salfa uzime kwa mchanga au maji ya manyunyu. Maji ya nguvu yanarusha vumbi.
5. Jiwe la mgodi lisichomwe nyumbani, hata dogo kama punje ya mahindi.
6. Mchanganyiko mweusi wa zebaki na salfa usipate moto.
7. Aliyevuta gesi aonekane na muganga siku ile ile.

Mama, ukurasa huu ukatwe na kubandikwa ukutani karibu na mbabula. Na wewe mfanyakazi, msomee mwenzako asiyejua kusoma kabla hamjashuka kazini kesho. Tunataka kila anayeshuka asubuhi apande jioni, awakute watoto wake wazima.